Kabla ya Kumwombea Mzee Dawa ya Kumtuliza

Katika makao ya wazee hapa Marekani, ambako wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tunafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, daktari ndiye anayeandika dawa, lakini uamuzi mara nyingi huanzia pale zamu zinapokabidhiana. Mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, akiripotiwa kwa siku kadhaa mfululizo kuwa ni mkorofi, habari hiyo humfikia muuguzi, kisha daktari ambaye pengine hajamwona mgonjwa wiki hiyo, na mwishowe mzee anaandikiwa risperidoni au haloperidoli, dawa za saikosisi (maradhi ya akili ya kuona au kusikia yasiyokuwepo) ambazo hutumiwa pia kutuliza.

Ushauri wangu kwa mnaoanza kazi hii ni kwamba msiripoti tabia peke yake. Semeni ilianza saa ngapi, nini kilitangulia na nini kilimtuliza. Niliwahi kumhudumia bibi aliyekuwa akimpiga kila aliyemvalisha asubuhi, hadi muuguzi mmoja alipomchunguza bega na kukuta linamuuma sana. Alianza kupewa dawa ya maumivu mapema kabla ya kuvalishwa, nasi tukawa tunaanza na mkono wenye maumivu, na ugomvi ukaisha. Maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, kiu, nepi iliyolowa, hata kifaa cha kusikia kilichoisha betri, vyote vinaweza kumfanya asiyeweza kujieleza apige kelele.

Hatari ya dawa hizi si ndogo. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za saikosisi huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 onyo hilo likajumuisha dawa za zamani pia. Sheria ya mwaka 1987 ilikwisha kukataza kumtuliza mkazi kwa dawa kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Hata hivyo, penye wafanyakazi wachache, zamu ambayo wazee wote wamelala husifiwa, na hakuna anayeuliza wamelala kwa sababu gani. Sifa hiyo ndiyo inayoniumiza, kwani mgeni kazini huiga kile anachoona kinasifiwa.

Wako wanaozihitaji dawa hizi kweli, kwa mfano wenye skizofrenia, ambayo ni moja ya maradhi hayo ya akili, na msaidizi hana mamlaka ya kumnyima mtu dawa aliyoandikiwa. Lakini ukimwona mzee anasinzia mezani, anayumba au ameacha kula baada ya kuanzishiwa dawa, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Usiposikilizwa, mwendee mkuu wa wauguzi, na ikibidi ofisi ya mtetezi wa wakazi, ambayo ipo katika kila jimbo.

Kanuni zinataka mfamasia apitie dawa za kila mkazi kila mwezi, na katika mwaka wa kwanza wa kutumia dawa hizi za kutuliza, dozi yake ijaribiwe kupunguzwa mara mbili, katika robo mbili tofauti za mwaka, isipokuwa kama kuna sababu ya kitabibu ya kutofanya hivyo. Wanaofanya uamuzi huo hutegemea kumbukumbu za zamu, kwa hiyo andika pia siku ambazo mzee alikuwa mtulivu.