Kwa mgeni wa salsa na bachata Kisumu

Ukikulia Kisumu au popote kando ya Ziwa, huanzi salsa, dansi ya watu wawili, mikono mitupu. Rumba ya Kongo umeisikia kwenye matatu, harusini na kwa majirani, na rumba hiyo ina undugu wa damu na son, muziki wa dansi wa Kuba. Tangu miaka ya 1930, santuri za mfululizo ulioitwa GV zilileta muziki wa Kuba Afrika, wapiga gitaa wa Kongo wakauchukua na kuufanya wao. New York nako, son hiyohiyo ikachanganyika na mengine ikazaa salsa. Mwaka 1974 Fania All-Stars, bendi ya salsa ya New York, walipopiga Kinshasa, mwimbaji Celia Cruz wa Kuba akiwa jukwaani, jamaa wawili wa ukoo mmoja walikuwa wanakutana.

Kwa hiyo anza na masikio. Ila rumba imetuzoesha kutikisa kiuno mfululizo bila kukatiza, na salsa inataka utulie. Hesabu ni nane: moja, mbili, tatu, tulia; tano, sita, saba, tulia. Wageni wengi hujaza ile nne na ile nane kwa hatua ya ziada, kisha wanashangaa mbona mwenzao amepotea. Wimbo ukikolea na waitikiaji wakiingia, tafuta mlio wa kengele: inagonga kwa nguvu kwenye moja, tatu, tano na saba. Isikilize jikoni ukiosha vyombo, mpaka miguu ijipange yenyewe.

Video za mizunguko ya kutatanisha ziache kwanza. Hatua ya msingi na mzunguko mmoja wa kulia vinatosha usiku mzima, mradi uko ndani ya mdundo. Anayeongoza asivute mkono wa mtu. Anayefuata asikisie kinachokuja, asubiri aelekezwe. Bachata, dansi nyingine ya wawili iliyotoka Jamhuri ya Dominika, itakupa moyo mapema zaidi: hatua tatu upande mmoja, ya nne unagusa tu, unarudi.

Sasa adabu, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, kwa sababu mtu husamehewa hatua mbovu kuliko tabia mbovu. Mtu yeyote anaweza kumwomba yeyote, mwanamke kwa mwanamume vilevile. Nyosha mkono, uliza, "Tucheze?" Ukikataliwa, tabasamu uende, usidai sababu. Ukikubaliwa, umepewa wimbo mmoja, hujapewa nambari ya simu. Kwenye bachata, umbali unaamuliwa na yule anayetaka nafasi zaidi. Usimfundishe mtu katikati ya wimbo, hata kama unajua; mwachie mwalimu. Wimbo ukiisha, sema asante na umsindikize pembeni.

Joto letu nalo si la mchezo. Beba shati la pili na leso, oga kabla ya kutoka, na kitunguu kibichi cha kachumbari kisubiri kesho. Viatu vya soli ya mpira hung'ang'ania sakafu huku mwili ukigeuka, na goti ndilo linaloumia. Tafuta soli ya ngozi inayoteleza kidogo.

Kama una mke au mume, mweleze mapema kwamba huko dansini watu hubadilisha wa kucheza naye kila wimbo. Bora zaidi, njoo naye, na mkifika mcheze na wengine pia, hasa na wale waliosimama ukutani. Nao wanangoja kuombwa.