Kutafuta amri za zamani kwa folda ulimoziandika
Bash (programu inayopokea amri unazoandika kwenye terminal) yenyewe haiwezi kutafuta amri kwa folda mkuu, faili la .bash_history linaweka maandishi ya amri tu mstari kwa mstari, folda haliandiki, na Ctrl+R, vitufe vya kutafuta amri za zamani, inapekua humohumo. Weka Atuin, programu ya kutunza historia ya amri, hiyo inaingiza kila amri kwenye databesi ya SQLite pamoja na folda, muda iliotumia na kama ilipita au ilifeli, ukishafungua Ctrl+R ibonyeze tena na tena mpaka ufike kichujio cha folda uliyopo. Mimi naitumia kazini kila siku. Amri za kabla ya Atuin unazivuta kwa kuandika atuin import auto ila zitakuja bila folda, maana haikurekodiwa popote. Na kama kuna paswedi uliwahi kuiandika ndani ya amri, ifute kwanza kwenye .bash_history kabla ya kuzivuta.