Kabla ya kuwasha altrasaundi kwenye kidonda cha mgandamizo

Wewe unayeanza kazi ya fiziotherapia, ukiitwa wodini kwa ajili ya kidonda cha mgandamizo, mashine ya altrasaundi, ile ya kutibu kwa mawimbi ya sauti na si ya kupiga picha, iache kwanza. Mgeuzeni mgonjwa, wewe na muuguzi, mkague mgongo wa chini, nyonga na visigino. Uliza amelalia upande huo tangu saa ngapi. Kidonda hiki huja pale nyama inapobanwa kati ya mfupa na kitanda hadi damu isipite. Mbano huo usipoondolewa, mawimbi ya sauti hayatakifunga.

Mashine zetu nyingi zina masafa ya megahezi 1 na 3. Ya 3 huishia karibu na ngozi, ya 1 huzama zaidi, kwa hiyo kina cha kidonda ndicho kitakachokuamulia. Tunachotafuta ni mtikisiko mdogo wa kuamsha seli, wala si joto. Weka mawimbi ya kukatizwa, yaani yanayowaka na kuzima, kwa kawaida yakiwaka asilimia 20 tu ya muda, na nguvu ya chini, wati 0.5 kwa sentimita ya mraba au pungufu. Hapa nakusihi uwe makini sana: wengi wa wagonjwa hawa wamepooza au wamepoteza hisia, na anayeungua hatakuambia. Usitegemee kilio chake, tegemea vipimo vyako.

Hewa huzuia mawimbi, hivyo jeli isiwe na mapovu. Pitisha kichwa cha mashine kwenye ngozi nzima inayozunguka kidonda, kikitembea muda wote. Kikisimama juu ya mfupa, nguvu hujikusanya mahali pamoja. Ukihitaji kupita juu ya kidonda chenyewe, kifunike kwanza kwa bandeji ya jeli iliyo tasa. Kisafishe kichwa hicho kwa dawa kabla ya mgonjwa mwingine.

Penye saratani, damu iliyoganda mshipani au maambukizi ya mfupa, usiwashe. Nyama nyeusi iliyokufa nayo ni ya kuondolewa kwanza na mwenye ujuzi huo.

Waambie ndugu wa mgonjwa ukweli: ushahidi wa tiba hii bado ni dhaifu, nayo ni nyongeza tu. Pima urefu, upana na kina kila wiki, uandike. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, usikimbilie kuongeza nguvu. Rudi kwa timu, muangalie ratiba ya kugeuza, protini anayokula na dalili za usaha.