Kompyuta pepe na hatari za intaneti

SWALI: Nina Linux ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta). Nikiiunganisha na intaneti, kompyuta yangu halisi itakuwa salama?

JIBU: Angalia kwanza mipangilio ya mtandao. Ikiwa imewekwa "Bridged Adapter", kompyuta pepe hupata anwani yake kwenye mtandao wenu na kila kifaa kilichomo kinaweza kuibishia hodi. Irudishe kwenye NAT, ambapo hutoka kwa kupitia kompyuta halisi: itachukua masasisho, lakini wa nje hawaifikii, isipokuwa umeelekeza poti (mlango wa mtandao) mwenyewe. NAT haizuii safari ya kinyume, kwa hiyo virusi vikishaingia ndani bado vinaweza kuvifikia vifaa vyenu. Washa ngome (firewall) kwenye kompyuta halisi pia.

Folda ya pamoja kati ya kompyuta hizo mbili iwe ya kusoma tu, au uache kabisa kuishiriki. Ubao wa kunakili wa pamoja uzime. Nywila ulizonakili hupitia humo.

Kinachosahaulika zaidi ni snapshoti, yaani hali ya kompyuta pepe iliyohifadhiwa ili uirudie baadaye. Ukirudisha ya miezi mitatu nyuma, umerudisha na matundu yaliyokwisha kuzibwa, basi sasisha kabla ya kufungua kivinjari. VirtualBox yenyewe nayo isasishwe, maana kasoro zake ndizo humwezesha mvamizi kutoka ndani ya kompyuta pepe hadi kwenye ile halisi.