Kosa la Tarehe Lililonivunjia Heshima

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amegeuza safu ya maandishi kuwa tarehe katika Stata, programu ya kuchambua takwimu, na baada ya hapo baadhi ya wagonjwa wake wanaonekana kuruhusiwa kabla ya kulazwa. Ujumbe huo ulinitonesha kidonda cha zamani.

Nami nilikabidhiwa data za muda wa matibabu, tarehe zikiwa zimeandikwa kwa mtindo wa 03/04/2021, siku ikitangulia mwezi. Kwa haraka niliiamuru date(), amri ya Stata inayogeuza maandishi kuwa tarehe, isome "MDY" (mwezi, siku, mwaka) badala ya "DMY" (siku, mwezi, mwaka). Programu haikugoma, ilitaja tu idadi ya thamani zilizokosekana. Tarehe kama 17/04/2021 zilibaki tupu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 17, nami nikawalaumu moyoni walioingiza data. Kumbe balaa halikuwa kwenye nafasi tupu, bali kwenye zilizojaa: 3 Aprili ilikuwa imegeuka 4 Machi, yaani 22343 badala ya 22373, maana Stata huhesabu siku tangu 1 Januari 1960. Kila mwaka una tarehe 132 za namna hiyo, ambazo siku haizidi 12 wala hailingani na namba ya mwezi, na zote husomeka kinyume bila onyo lolote. Kiongozi wa utafiti aliniuliza mkutanoni, mbele ya wote, kama ninaijua kalenda. Swali hilo sijalisahau, na hadi leo naona angeweza kuniita pembeni.

Tangu siku hiyo siigusi safu ya asili. Ninaunda kigeu kipya, yaani safu nyingine, kando yake, nakipa umbo la %td ili nione tarehe badala ya namba, kisha naorodhesha kila rekodi yenye maandishi lakini isiyo na tarehe. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu mbili, naitaja karne yenyewe kwa "DM20Y", la sivyo safu nzima hurudi tupu. Ndugu zangu mnaotaka takwimu zenu ziaminiwe, msiyafute maandishi ya asili, na msiruhusu hata thamani moja iliyokosekana ipite bila kufunguliwa na kutazamwa. Toeni tarehe ya kulazwa kwenye tarehe ya kuruhusiwa. Jibu likiwa hasi, rudini kwenye maandishi kabla ya kuandika sentensi yoyote ya ripoti. Narudia, msiyafute maandishi ya asili.

Msomaji wangu nilimwomba anitumie mstari wake wa amri, akautuma jioni ile ile. Ulikuwa na "MDY".