Fundi, hizi ni fogi au spoti?

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Kanta, nabeba korosho kutoka vijiji vya Newala kwenda Mtwara mjini. Nimenunua taa mbili za duara, muuzaji akaniambia ni fogi, yaani taa za ukungu, nikazifunga juu ya keria. Usiku usio na ukungu zinamulika mbali mpaka raha. Lakini alfajiri ukungu ukishuka, nikiziwasha naona kama shuka jeupe limetandikwa mbele ya kioo, na wenzangu wanaokuja wananipigia fulu, ule mwanga wa mbali. Naambiwa niweke glopu za njano. Ni kweli?
Dereva wa Kanta, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hela ya glopu iweke kwanza. Ulizouziwa ni spoti, yaani taa za kumulika mbali, na spoti haigeuki fogi kwa kubadilishwa rangi. Matone ya ukungu hurudisha mwanga wa njano kama yanavyorudisha mweupe. Kinachotofautisha taa hizi ni umbo la mwanga wake na mahali zinapofungwa.

Hili nilijifunza kabla sijashika koleo la umeme, nilipokuwa utingo wa lori la korosho. Tulitoka Newala saa kumi usiku kushuka Masasi. Kwenye makona dereva akawasha taa zote, na ukungu ukawa ukuta uliopakwa chokaa. Akaniambia nishuke nitembee mbele na tochi, nimwonyeshe ukingo wa barabara. Baada ya hatua chache akazima za juu na taa kubwa akazirudisha dimu, ule mwanga wa chini, akabakiza na zile mbili za chini ya bampa. Hapo hapo nikaona majani ya pembeni, umande umeyalaza, na mawe ya ukingoni moja baada ya moja. Nikajitazama: miguu ilikuwa na mwanga mpaka magotini, na kuanzia hapo kwenda juu nilikuwa gizani. Fogi ndivyo inavyofanya kazi. Inapita chini, mwanga wake mpana na mfupi, umekatwa kwa juu, kwa hiyo haurudi machoni mwa dereva. Spoti inatupa mwanga mwembamba wa kwenda mbali, na ukiifunga kwenye keria, karibu na usawa wa macho yako, kila tone la ukungu linakurudishia mwanga huo usoni.

Sasa chukua kitambaa kibichi, ufute kioo cha taa, usome maandishi madogo yaliyochorwa pale. Taa iliyopimwa kwa kanuni za Ulaya ina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoipitisha. 1 ni Ujerumani, 43 ni Japani. Karibu na duara hilo, B au F3 ni fogi ya mbele. HR ni halojeni ya mwanga wa mbali, yaani fulu au spoti. Ukikuta F peke yake pamoja na ile E, hiyo ni taa nyekundu ya ukungu ya nyuma, na muuzaji akikuambia ni ya mbele usikubali. Kwa taa za kanuni za Marekani utaona SAE, ambapo F ni fogi ya mbele na Y ni spoti.

Nyingi za bei ndogo hazina herufi yoyote. Hizo zipeleke ukutani. Simamisha gari mahali pa tambarare, mita 5 kutoka kwenye ukuta, jioni giza likiingia. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa kimo hicho, kisha washa. Fogi itachora mkanda mpana, ukingo wa juu umenyooka kama uliopigwa rula, na ukiilenga vizuri ukingo huo utakaa kama sentimita 10 chini ya chaki. Spoti itachora doa la duara, kali katikati, linalofifia pande zote bila ukingo.

Spoti zako usizitupe. Zishushe kutoka kwenye keria, zifunge mbele usawa wa taa kubwa, na waya wa kuamsha rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa wa taa) uuchukue kwenye waya wa fulu. Hapo ukipiga dimu kumpisha mwenzako, zinazimika zenyewe. Hilo nakusihi, maana anayekuja naye ana watu nyuma. Fogi utakazonunua zikae chini ya taa kubwa, ziwe na swichi yake, ziwake pamoja na dimu, na ukungu ukiisha uzizime.

Rilei usiiruke. Glopu mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta ampea 9 hivi. Kwenye Kanta yenye volti 24 zinavuta nusu yake, ila glopu na rilei ziwe za volti 24. Karakana yangu imepokea swichi nyingi zilizoyeyuka kwa sababu mzigo wote ulipitishwa kwenye waya mwembamba wa dashibodi. Fyuzi ya ampea 15 iwe karibu na betri.

Ukishusha mzigo Mtwara, njoo jioni na taa zikiwa mkononi. Ukuta wa nyuma ya karakana una alama za chaki tayari, tutazimulika kabla hujatoboa bampa.