Lami ya Sakafu ya Gari: Ing'olewe au Iachwe?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Nina gari aina ya saluni, la Kijapani, la mwaka 1998. Tangu masika yaanze, zulia la upande wa abiria linalowa na gari linanuka uvundo. Nilipolifunua nimekuta karatasi nene nyeusi, mfano wa lami, iliyogandamana na bati, na pembeni mwake kutu inachungulia. Fundi wa bodi wa Ngamiani ananishauri tuichome yote kwa moto wa gesi ili itoke upesi. Je, nikubali? Na ikitoka, gari halitapiga kelele? — Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Moto wa gesi usiukubali hata kidogo. Chini ya bati hilo hupita mabomba ya mafuta na ya breki, juu yake zimelazwa nyaya, na lami inayoungua hutoa moshi mzito ambao si wa kuvutwa na mtu aliyejikunyata ndani ya gari.

Karatasi hiyo huwekwa kiwandani, ikalainika na kushika bati kwa joto la tanuri la rangi. Kazi yake kubwa si kuziba sauti bali kutuliza mtikisiko. Ligonge kwa kidole bati lililo wazi, utasikia mlio wa debe. Kisha gonga penye lami, utasikia kishindo kifupi kilichokufa. Ndiyo maana sikushauri uing'oe yote. Palipo pakavu na lami imeshika barabara, iache. Ng'oa pale tu inapoinuka kingo au inapotoa mlio wa uwazi ukiigonga, kwa sababu hapo maji yameshaingia chini yake na kutu inakula kimyakimya. Kwa gari la pwani, na hasa lililowahi kubeba samaki wa soko la Deep Sea na barafu yao ikayeyukia sakafuni, chumvi huiongezea kutu hiyo kasi.

Kabla ya kugusa chochote, ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, kwani chini ya viti huenda kukawa na plagi za rangi ya njano za mifuko ya hewa, nazo si za kuchezewa. Kisha fungua viti, toa zulia na ulianike.

Njia safi kuliko zote ni barafu kavu, ile ya hewa ya kaboni iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukiitandaza juu ya lami kwa dakika kama 10, lami husinyaa na kukakamaa kama kioo, na ukiigonga kwa nyundo hupasuka na kubanduka vipande vipande. Vaa glavu nene na ufungue milango yote, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa ya kawaida na hujikusanya chini, mahali hasa utakapokuwa umeinamisha kichwa. Usiipakie kamwe katika gari lililofungwa vioo.

Usipoipata, tumia kifaa cha umeme cha kupuliza hewa ya moto. Pasha eneo la kiganja kimoja, sukuma skrepa ikiwa imelala, kisha usogee mbele. Lami ikianza kutoa moshi, umezidisha. Mabaki yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, milango ikiwa wazi. Petroli usiitumie, na siku hiyo pasichomelewe kitu karibu. Usilikwangue bati kwa tindo, na vizibo vya mpira vilivyoko sakafuni virudishe mahali pake.

Kutu isugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae, kisha paka praima ya kuzuia kutu na rangi. Penye tundu pakatwe na kuchomelewa kiraka. Usikubali tundu lifunikwe kwa lami mpya. Badala ya ile uliyoing'oa, bandika karatasi za butili, yaani za mpira laini unaonata, katikati ya bati. Lami ya kuzibia mapaa ni ya bei rahisi, nakiri, lakini gari likishinda juani hulainika na kunuka, nawe utajuta.

Hata hivyo, kazi yote hiyo ni bure maji yakiendelea kuingia. Zulia likilowa hata siku za jua, lishuku bomba la kutolea maji ya kiyoyozi. Likilowa kwa mvua tu, angalia mpira wa kioo cha mbele, karatasi ya nailoni iliyo ndani ya mlango, na mfereji ulio chini ya vifuta kioo, ambao mara nyingi hujaa majani ya mwarobaini kwa wanaoegesha kivulini. Kwa hiyo, kabla ya kurudisha zulia, mwambie mtu amwage maji juu ya kioo cha mbele kwa robo saa, nawe ukae ndani na tochi, ukitazama bati likiwa tupu.